Foo-wili Haiingii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari ya Zamani Nairobi

Mvua ya masika ikianza, simu nazo zinaanza. Mmoja amekwama Kitengela kwenye udongo mweusi, mwingine yuko njia ya Suswa, mwingine hajatoka hata langoni kwake Rongai. Wote wana gari lililoandikwa 4x4 ubavuni na wote wananiambia neno lile lile: foo-wili (kuvuta kwa magurudumu yote manne) imekataa. Maswali yao nimeyapanga hapa, mepesi yakitangulia. Mimi si muuza spea. Nina Pajero kuukuu, na mengi ya haya nimeyajifunza nikiwa nimelala chini yake.

## Mambo ya msingi

Nguvu ya injini inafikaje magurudumu ya mbele?

Inatoka kwenye giaboksi na kuingia kwenye transfa, kile kisanduku cha pili cha gia kilichoshikana na giaboksi kwa nyuma. Transfa inaigawa: sehemu moja inakwenda nyuma, nyingine inapita kwenye propela ya mbele (ile shafti ndefu inayozunguka chini ya gari) hadi difu ya mbele (kisanduku cha gia kinachogawa mzunguko kwa pande mbili). Difu inaipeleka kwenye shafti mbili za pembeni, na shafti zinazungusha magurudumu kupitia habu, kile kitovu kinachounganisha shafti na gurudumu.

Ukiushika mnyororo huo kichwani, umeshika nusu ya kazi. Foo-wili ikikataa, kuna pingu moja iliyoachia mahali fulani, na swali ni moja tu: nguvu imefika wapi ikasimama?

Gari langu ni la aina gani?

Tazama lever ndogo iliyo kando ya gia. Ikiwa na 2H (magurudumu mawili, gia ndefu), 4H (manne, gia ndefu), N (nyutro) na 4L (manne, gia fupi ya nguvu), hiyo ni foo-wili ya kuingiza na kutoa. Land Cruiser za 70, Hilux nyingi, Nissan Patrol na Suzuki za zamani ziko hapa. Kwa kawaida gari linavutwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Pajero nyingi zilizotoka kuanzia 1991 zina nafasi nne: 2H, 4H, 4HLc na 4LLc. Ile 4H inaruhusiwa hata kwenye lami, kwa kuwa katikati kuna difu ambayo bado haijafungwa. Ukitaka mbele na nyuma zifungwe pamoja, sogea hadi 4HLc. Nimekutana na wenye Pajero wa miaka mingi wasiojua hilo, wanalalamika foo-wili yao ni hafifu kumbe hawajafika nusu ya njia.

Aina ya tatu haina 2H kabisa. Land Rover 110 na Discovery ni za kundi hili. Soma sehemu ya foo-wili ya kudumu hapo chini.

Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka bure na gari halitoki. Si foo-wili imekufa?

Hapana. Hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi! Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule kusikokuwa na upinzani. Gurudumu la mbele kushoto likining'inia na la nyuma kulia likiwa kwenye matope mepesi, hayo mawili yatazunguka na yale mengine mawili yatatulia kana kwamba hayahusiki. Gari la foo-wili lisilo na kufuli kwenye difu za mbele na nyuma linaweza kukwama na foo-wili ikiwa nzima.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote, tazama magurudumu ya mbele wakati umekwama. Hata moja likizunguka, nguvu imefika. Punguza upepo wa matairi, chimba mbele ya magurudumu, weka mawe au matawi. Yakiwa yametulia yote mawili huku ya nyuma yakirusha matope hadi kwenye paa la jirani, sasa endelea kusoma.

## Kupima mwenyewe kabla ya kumwita fundi

Nitajuaje kama tatizo liko kwenye transfa au mbele yake?

Kwa chaki. Chora mstari mweupe kwenye propela ya mbele. Kama una habu za kufunga kwa mkono (zenye kirungu cha kugeuza usoni: FREE ni huru, LOCK ni kufunga), ziweke FREE kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokosea: habu zikiwa LOCK, magurudumu yenyewe yanaizungusha propela hata ukiwa kwenye 2H, na utadanganyika.

Ingiza 4H, endesha taratibu mita tano hivi mahali tambarare. Zamani nilikuwa namwomba mtoto wa jirani ainame aangalie. Siku hizi naweka simu chini, katikati ya njia ya magurudumu, ikirekodi, kisha napita juu yake polepole. Mstari ukizunguka, transfa imefanya kazi yake na mchawi yuko mbele: difu, vakyumu (mvuto wa hewa unaofunga mbele kwenye baadhi ya magari) au habu. Ukitulia, tatizo liko kwenye lever, fimbo zake, mota yake au ndani ya transfa.

Kwa gari lisilo na habu za mkono kipimo ni hicho hicho, ila propela ikizunguka haitoshi kukuambia kwamba difu ya mbele nayo imeshika. Nenda sehemu ya vakyumu.

Naweza kupima kwa jeki?

Ndiyo, na kwa habu za mkono ni kipimo kizuri kuliko vyote. Zima injini. Simama mahali pagumu tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, weka gia ya kwanza (au P), lever 4H, habu zote mbili LOCK. Inua gurudumu moja la mbele na ujaribu kulizungusha kwa mkono.

Likicheza kidogo kisha likagoma, njia yote ni nzima. Likizunguka, mulika tochi chini. Propela inazunguka pamoja nalo? Transfa haijafunga. Propela imetulia? Basi ama habu ya upande huo haijaishika shafti yake, ama ya upande wa pili imeachia na shafti ya kule inazunguka kinyume. Rudia kwa gurudumu la pili.

Usiwashe injini na kuingiza gia gari likiwa juu ya jeki moja. Lenye 4H iliyoingia litaruka kutoka kwenye jeki, na aliyekuwa chini hatapata muda wa kusogea. Na wenye Land Rover za zamani kumbukeni kuwa breki ya mkono inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki ya mkono pekee haizuii gari kutembea.

Taa ya 4x4 haiwaki. Ina maana haijaingia?

Si lazima. Taa inawashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye transfa, na swichi hiyo inakaa pale ambapo matope na maji hupiga kila siku. Chomoa waya zake mbili na uziunganishe kwa kipande cha waya, switi ya ufunguo wa gari ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka, balbu na waya ni salama. Imebaki swichi mbovu, au kweli haijaingia. Chaki itakuamulia.

Usiipuuze swichi hiyo ukidhani ni ya taa tu. Kwenye baadhi ya Toyota ndiyo inayoiambia difu ya mbele ijifunge. Ikifa, transfa inaingia vizuri, propela inazunguka, na magurudumu ya mbele hayapati kitu.

## Lever na transfa

Lever haisogei kabisa, au inasogea nusu.

Foo-wili isiyotumika mwaka mzima huganda kutu. Fimbo na bushi zilizo kati ya lever na transfa hukauka, hasa kwa gari la mjini ambalo safari yake ndefu ni Westlands na kurudi. Ingia chini, safisha matope, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ngoja hadi kesho, kisha mtu mmoja asogeze lever na mwingine atazame fimbo kutoka pembeni, injini ikiwa imezimwa. Lever ikicheza huku fimbo ikibaki pale pale, bushi zimekwisha. Bushi ni kitu kidogo sana cha kukosesha mtu usingizi.

Usilazimishe kwa mguu. Nimeona lever iliyopinda kwa teke.

4H inaingia lakini 4L inagoma.

4L inataka gari lisimame na giaboksi iwe huru: klachi chini hadi mwisho, au N kwa gari la otomatiki. Ikiwa meno ya gia hayajalingana, achilia klachi kidogo ukiwa nyutro, ikanyage tena, ujaribu upya. Likikataa bado, acha gari liserereke polepole kama mwendo wa kobe na usogeze lever bila pupa. Ikilia *krrr*, rudi nyuma. Kosa linalonijia mara nyingi kwenye swali hili ni mtu anayejaribu 4L akiwa kwenye D.

Nina Land Rover Series yenye kirungu cha njano na lever nyekundu. Foo-wili haitoki.

Kirungu cha njano ukikikandamiza, unaingiza foo-wili ya gia ndefu. Hakitoki kwa kuvutwa, na waliokivuta wamekivunja. Simamisha gari, vuta lever nyekundu nyuma, irudishe mbele, na kirungu cha njano kitaruka chenyewe. Kisiporuka, chemchemi yake imechoka au kuna kutu kwenye fimbo yake.

Oili ya transfa inahusika?

Inahusika, lakini si mara nyingi. Kagua kwa kufungua nati ya pembeni: oili ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ibadilishe leo. Aina ya oili ifuate kitabu cha gari, maana transfa za mnyororo mara nyingi hutaka mafuta mepesi ya otomatiki na za gia tupu hutaka oili nzito. Kwenye Land Cruiser za zamani kuna ugonjwa wake: sili iliyo kati ya giaboksi na transfa huchoka, oili ikahama, ukakuta transfa imejaa kupita kiasi na giaboksi imekauka. Ukifungua nati ya transfa na oili ikakumwagikia mkononi, kagua giaboksi siku hiyo hiyo.

## Habu

Habu za mkono nimezifunga LOCK lakini mbele hakuvuti.

Kwanza, ulizungusha zote mbili hadi mwisho? Moja ikibaki FREE, hupati nusu ya nguvu, hupati kitu. Difu itapeleka mzunguko wote kwenye shafti iliyo huru na gurudumu la upande wa pili litatulia, ndiyo ile ile tabia iliyoelezwa kwenye swali la magurudumu mawili yanayozunguka bure.

Kama kirungu kimegeuka hadi LOCK na kipimo cha jeki bado kinaonyesha gurudumu liko huru, ndani kumeganda. Habu inafunguliwa kwa bolti chache za uso wake. Utakuta grisi iliyogeuka kuwa kama lami ya Mombasa Road saa nane mchana. Ioshe yote kwa dizeli, kausha, chunguza meno na chemchemi, kisha paka grisi kidogo tu. Fundi mwenye huruma hupenda kuijaza habu grisi hadi pomoni. Grisi nyingi huzuia chemchemi kusukuma gia ikashike. Karatasi ya gasketi iwe mpya, la sivyo mto wa kwanza utaingiza maji.

Habu za otomatiki je?

Hizi hazina kirungu cha kugeuza. Zinajifunga shafti ya mbele inapoanza kuzunguka kwa nguvu, na kujifungua ukitoka 4H na kurudi nyuma mita moja au mbili. Zikizeeka huteleza, hutoa mlio wa *ta-ta-ta*, au huachia unapobadilisha kutoka mbele kwenda nyuma, wakati ule ule unaozihitaji. Kwa maoni yangu usitengeneze habu za otomatiki zilizochoka. Tafuta jozi ya habu za mkono zinazoingia gari lako. Utalowa unaposhuka kuzifunga, lakini utafika.

## Vakyumu

Vakyumu inahusiana vipi na magurudumu?

Kwenye Pajero za miaka ya 1990, baadhi ya Hilux Surf za wakati huo na Jimny ya toleo la tatu (1998 hadi 2018), kazi ya mwisho ya kuunganisha mbele inafanywa na mvuto wa hewa. Vali ndogo za umeme hufungua njia, mvuto unapita kwenye mipira myembamba, unavuta kiwambo (ngozi nyembamba ya mpira ndani ya kikopo), kiwambo kinasukuma uma, kile kipande cha chuma kinachosogeza gia na kuifunga. Kwenye Pajero uma uko kwenye difu ya mbele. Kwenye Jimny mvuto unakwenda hadi kwenye habu zenyewe.

Mipira hiyo imekaa karibu na injini miaka ishirini na zaidi. Inakauka, inapasuka kichwani inapochomekwa, au fundi wa breki anaikanyaga na kuichomoa bila kujua. Dalili kwenye Pajero ni taa za magurudumu ya mbele kwenye dashibodi kuendelea kumetameta badala ya kutulia. Ukiona hivyo, anza na mipira.

Nitaipimaje bila vifaa vya gereji?

Nenda agrovet ununue sirinji kubwa ya mifugo, ile ya mililita 60, na kipande cha mpira mwembamba. Chomoa mpira unaoingia kwenye kiwambo, chomeka sirinji, vuta. Kiwambo kizima kitashika: pistoni ya sirinji itataka kurudi ukiiachia, na mara nyingine utasikia *tak* ya uma ukisogea. Ikivutika kirahisi bila upinzani, kiwambo kimetoboka. Pima kila mpira kwa njia hiyo hiyo, kidole kikiwa kimeziba upande wa pili.

Kisha washa injini na uweke kidole kwenye mpira unaoingia kwenye vali. Lazima ukinyonye. Injini ya dizeli haina mvuto wake wa asili, kwa hiyo kuna pampu, mara nyingi nyuma ya oltaneta, na pampu hiyo ndiyo inayolisha pia breki. Foo-wili ikikataa wakati mmoja na pedali ya breki kuwa ngumu, acha habari ya foo-wili. Shughulikia pampu kabla hujaendesha tena.

Mbona foo-wili ilikuwa nzima Mombasa na Nairobi inasumbua?

Swali hili niliwahi kulicheka, kisha nikakaa nikafikiri. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa inasukuma kwa karibu moja ya tano pungufu kuliko pwani. Kiwambo kinasukumwa na tofauti kati ya hewa ya nje na mvuto wa ndani, kwa hiyo nguvu yake inashuka pia. Mfumo mzima haujali. Mfumo wenye mpira unaovuja kidogo unaweza kufunga vizuri Likoni na kukataa Limuru. Dawa ni ile ile: tafuta panapovuja.

Jimny yangu imebadilishwa mipira yote na bado.

Kwenye Jimny mvuto unapita pia kwenye sili za habu, karibu na beringi ya gurudumu. Beringi ikibadilishwa na sili ikarudishwa vibaya, mvuto unavuja mahali usipopaona. Wengi wamechoka wakafunga habu za mkono, na siwalaumu.

## Umeme

Gari langu lina kitufe, si lever. Nikibonyeza, taa inametameta tu.

Anza na betri, kisha fyuzi. Mota inayosogeza uma wa transfa inakula umeme mwingi, na betri iliyochoka inaweza kuwasha gari lakini ikashindwa na mota. Zima redio, bonyeza kitufe, sikiliza chini. Ukimya mtupu ni fyuzi, waya au kitufe chenyewe. Mlio wa *tik* bila kusogea ni mota iliyoingiwa na maji au uma ulioganda. Vichomeo vya waya juu ya transfa hujaa kutu ya kijani. Vichomoe, visafishe, virudishe. Baada ya kuvuka maji, hapo ndipo pa kwanza pa kutazama.

## Foo-wili ya kudumu

Land Rover yangu ni foo-wili muda wote, mbona gurudumu moja tu linazunguka?

Kwa sababu difu ya kati haijafungwa. Gari lenye difu tatu zote zikiwa huru linaweza kushindwa na gurudumu moja lililo hewani. Sogeza lever hadi alama ya kufunga difu ya kati, songa mbele kidogo, ngoja taa. Isipofunga, tafuta fimbo zilizoganda kama kwenye swali la lever. Kama propela moja imetolewa au imekatika, gari litanguruma bila kusogea hadi difu ya kati ifungwe.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Imeingia, sasa haitoki.

Uliendesha 4H kwenye lami. Kwenye kona magurudumu ya mbele hukata njia ndefu kuliko ya nyuma, na pasipo difu ya kati, tofauti hiyo hubaki imesokotwa ndani ya shafti na gia. Rudi nyuma mita kadhaa usukani ukiwa umenyooka, au weka magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo. Itaachia kwa mlio. Mvua ya Thika Road si sababu ya kuingiza 4H kwenye gari la aina hii.

Inafunga na kusokota hata nikienda moja kwa moja.

Soma ubavu wa matairi. Mtu akiweka 265/70 R16 nyuma na 245/70 R16 mbele, kila mzunguko wa gurudumu unatofautiana kwa karibu sentimita 9. Hesabu hiyo kwa kilomita moja. Matairi yakiwa sawa, uliza kama difu moja iliwahi kubadilishwa kwa spea iliyotumika; ikiwa na idadi tofauti ya meno, foo-wili haitakubali hata siku moja.

Inaingia, kisha inaruka nikipanda mlima.

Injini au giaboksi imelegea kwenye vishikizo vyake na kuvuta fimbo za lever, au uma wa ndani umelika. Transfa ya mnyororo ikitoa *kra-kra* kwenye mzigo, mnyororo umelegea. Hapa sasa ndipo transfa inapostahili kushushwa.

## Spea na mafundi

Fundi anataka kushusha transfa. Nikubali?

Mwombe akuonyeshe propela ya mbele ikiwa imetulia kwenye 4H. Akishindwa, ahsante na kwaheri. Pajero yangu iliwahi kushushiwa transfa yote kwenye gereji moja, siku tatu, ikarudishwa na taa zikimetameta vile vile. Ulikuwa mpira wa vakyumu usiozidi urefu wa kalamu.

Spea za magari haya bado zipo?

Zipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari kuukuu unaloliona hapa limezeekea hapa na spea zake zimezoeleka. Zunguka Grogan, yaani Kirinyaga Road, au Industrial Area. Beba kile kilichoharibika mkononi. Picha ya simu haina idadi ya meno. Ukinunua kiwambo kilichotumika, kipime kwa sirinji pale pale dukani kabla hujatoa pesa, na usiondoke bila risiti.

Niiingize mara ngapi wakati wa kiangazi?

Mara moja kwa mwezi, kwenye barabara ya changarawe, kilomita mbili tatu hivi. 4L nayo, hata kwa mita hamsini.